Je, Wajua? Maji Yaliyomo Kwenye Majina Yetu

Je, wajua kwamba mwalimu wa shule ya msingi pale Makadara, Nairobi, anaweza kuita mvua mara tano kabla hajafika nusu ya rejista ya asubuhi? Akisema Akoth, ameita koth, mvua ya Kijaluo. Akisema Wafula, ameita efula ya Wabukusu. Nyambura amebeba mbura ya Kikuyu, Wambua amebeba mbua ya Kikamba, na Cherop ana rop ya Kikalenjin. Watoto watano, madawati mawili, na nje huenda jua linawaka.

Je, wajua kwamba mbura, mbua, efula na mvua yetu ya Kiswahili ni dada wanne wa tumbo moja? Yote yalitoka katika neno moja la Kibantu cha kale, kisha kila watu wakalitamka kwa mdomo wao. Koth na rop ni wa ukoo mwingine, wa lugha za Kiniloti. Mtaani Eastlands koo hizo mbili hupanga foleni kwenye bomba moja.

Ukikutana na Okoth au Akoth, mara nyingi una ushahidi wa hali ya hewa: siku alipozaliwa, mvua ilikuwa ikinyesha. Nyambura hakupi ushahidi huo. Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hiyo Nyambura anaweza kuzaliwa Januari, vumbi la Kayole likipanda hadi gorofa ya nne. Mvua ya jina lake ilinyesha zamani, kwa Nyambura mwingine aliyetangulia.

Na yule wa kwanza kabisa? Katika simulizi ya Gikuyu na Mumbi, Nyambura ni mmoja wa mabinti waliozaa koo za Wakikuyu. Ukoo wake, Ethaga, ulijulikana kwa uwezo wa kuita mvua na kuizuia. Kwa hiyo jina hili, ambalo leo liko kwenye vibanda vya M-Pesa na milango ya saluni kuanzia Umoja hadi Dandora, lilikuwa na mamlaka ndani yake.

Tahadhari moja ndogo kwa waandishi wa barua: Wambura wa Kenya ni mwanamke. Vuka mpaka uingie mkoa wa Mara, Tanzania, na Wambura ni mwanamume. Mvua ni ileile.

Lakini hayo ni majina ya mvua. Je, wajua kwamba wako watu waliopewa jina la mungu wa maji mwenyewe?

Athene ya kale ilikuwa na mito miwili maarufu, Kephisos na Ilissos. Haikuwa mikubwa. Socrates na rafiki yake Phaedrus walitembea miguu mitupu ndani ya Ilissos siku ya joto, wakitafuta kivuli cha kukaa wazungumze. Hata hivyo Kephisos alikuwa mungu, na watu wa Athene waliwaita watoto wao Kephisodoros, zawadi ya Kephisos, au Kephisodotos, aliyetolewa na Kephisos. Fikiria Abdullahi wa Eastleigh, mja wa Mwenyezi Mungu: jina lenye jina la Mungu ndani yake. Ujenzi ni huohuo, ila kwa Wagiriki nafasi ile ya heshima wakati mwingine ilishikwa na mto wa jirani.

Kila mji na mto wake. Watu wa Thebe walikuwa na mto Ismenos, wakawa na akina Ismenodoros. Penye Asopos palikuwa na akina Asopodoros. Kwenye Strymon, kaskazini, kuna Strymodoros. Kisiwa cha Samos kiliwahi kutawaliwa na mtu aliyeitwa Maiandrios, jina linalotokana na Maiandros, mto unaopindapinda wa bara la jirani. Mtu akitaja jina lake tu, aliyekuwa na masikio alijua maji aliyokunywa utotoni.

Je, wajua kwamba mchongaji Kephisodotos, aliyechonga sanamu ya Amani akiwa amempakata mtoto Utajiri, takriban mwaka 370 K.K., anaaminika kuwa baba wa Praxiteles, na kwamba Praxiteles naye alimwita mwanawe Kephisodotos? Mjukuu kapewa jina la babu. Mkikuyu yeyote wa Buruburu angeelewa bila kuelezwa. Mto ulipita katika ukoo ule kwa kuruka kizazi, kama Nyambura.

Hapa kwa Kephisos naomba tukae kidogo, kwa sababu kuna jiwe ambalo siwezi kulipita. Lilipatikana mwaka 1908 karibu na Faliro, upande wa pwani wa Athene, na sasa limo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini humo. Lilichongwa takriban mwaka 400 K.K. Mwanamke aitwaye Xenokrateia alimjengea Kephisos mahali pa ibada, akaweka jiwe lile kama zawadi, kwa ajili ya malezi na mafunzo ya mwanawe Xeniades. Juu ya jiwe wamechongwa miungu wengi wamejipanga, na katikati yao mama na mtoto mdogo, mtoto akimwinulia mungu mkono. Wagiriki waliamini kwamba mito hulea vijana. Mama yule alikwenda mtoni kama vile mama wa Mathare anavyokwenda kwa mwalimu mkuu siku ya kwanza ya muhula, ameshika mtoto mkono, moyoni anaomba huyu amsaidie kumfanya mtu.

Malezi hayo yalilipwa kwa nywele. Kijana alipobaleghe, alikata kishungi akautolea mto. Katika Iliadi, shairi la vita vya Troya, Peleus aliuahidi mto Spercheios nywele za mwanawe Achilles iwapo angerudi salama kutoka vitani. Achilles alipojua kwamba hatarudi, alizikata na kuziweka mikononi mwa rafiki yake aliyekufa, Patroklos. Mto wa nyumbani haukupata deni lake.

Katika shairi hilohilo yumo kijana Simoeisios. Aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alijifungua kando ya mto Simoeis, akitoka kuangalia mifugo pamoja na wazazi wake. Wajaluo wana Oyoo na Ayoo, waliozaliwa njiani. Wakamba wana Kyalo, safari. Na mtoto wa Hektor, shujaa wa Troya, alikuwa na majina mawili: baba alimwita Skamandrios, kwa mto wa Troya, lakini mji mzima ukamwita Astyanax. Mtoto wa Eastlands mwenye jina la nyumbani na jina la mtaani haoni geni hapo.

Sasa twende Misri, haraka.

Khufu, mwenye piramidi kubwa ya Giza, jina lake kamili ni Khnum-Khufu: Khnum ananilinda. Khnum ni mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, aliyekaa Elephantine karibu na Aswan, na Wamisri walisema yeye ndiye aliyeshika mlango wa mafuriko ya Naili. Ni yeye pia aliyefinyanga binadamu kwa udongo juu ya gurudumu la mfinyanzi. Kwa hiyo jengo lile la zaidi ya miaka 4,500 limesimama kwa jina la mwenye kufungulia maji.

Sobek alikuwa mungu mamba. Malkia Sobekneferu, uzuri wa Sobek, alitawala Misri takriban mwaka 1800 K.K. akiwa farao kamili. Baada yake walikuja wafalme kadhaa walioitwa Sobekhotep. Na katika vijiji vya Fayum, karne nyingi baadaye, mtu wa kawaida aliitwa Petesouchos, aliyetolewa na Sobek. Unampa mwanao jina la mnyama anayeweza kumla mtoni, ukitumaini kwamba ujamaa huo utamkinga.

Mwanamume akiitwa Isidori katika parokia yoyote ya Nairobi, jina lake linamaanisha zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri. Msafiri Mgiriki Pausanias aliandika kwamba Wamisri walimwona Isis akimlilia mumewe Osiris, na machozi yake ndiyo yanayopandisha Naili. Baadaye kanisa likawapata watakatifu wa jina hilo, akiwemo Isidori mkulima wa Madrid, mwombezi wa wakulima. Machozi yakawa maji ya shamba, na hakuna aliyelazimika kubadilisha jina.

Naye Musa? Biblia inalieleza jina lake kwa maji: binti Farao alimtoa mtoni. Wanazuoni wengi wanasikia ndani yake neno la Kimisri la kuzaliwa, lilelile lililomo katika Thutmose na Ramses. Kuna akina Musa wa Pumwani na akina Moses wa Jericho wanaocheza mpira pamoja Jumamosi, na kikapu cha mafunjo ni chao wote.

Je, wajua kwamba Kenya imepakana na nchi ambako jina la mungu wa ziwa ni jina la jirani yako? Mukasa. Kila aliyewahi kuwa na fundi, mchezaji mwenza au mpangaji mwenzake kutoka Uganda amekutana na Mukasa. Kwa Waganda, Mukasa ni lubaale, yaani mungu, wa ziwa, mwenye samaki, dhoruba, na uzazi pia. Hekalu lake kuu lilikuwa kwenye kisiwa cha Bubembe, katika visiwa vya Ssese. Ziwa tuliloambiwa shuleni linaitwa Victoria, wao wanaliita Nalubaale.

Hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria hunigusa. Wa kwanza kufa kati ya wafiadini Wakatoliki wa Uganda, tarehe 15 Novemba 1885, aliitwa Joseph Mukasa Balikuddembe. Alimkemea Kabaka Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington, naye akauawa. Alikufa kwa ajili ya Kristo akiwa na jina la mungu wa ziwa, na Papa Paulo wa Sita alipomtangaza mtakatifu mwaka 1964, Mukasa aliingia naye kwenye orodha ya watakatifu. Leo kuna parokia ya Mtakatifu Joseph Mukasa hapa Nairobi, Kahawa West.

Wenzake Mukasa nao wamo mitaani. Kiwanuka ni wa radi. Musoke ni upinde wa mvua. Kibuuka ni wa vita. Waziri mkuu wa kwanza wa Uganda aliitwa Benedicto Kiwanuka.

Mto nao haukusahauliwa. Mayanja ni mto wa Buganda, na Mayanja ni jina la watu. Joseph Mayanja unamjua, hata kama hudhani unamjua: ni Jose Chameleone, ambaye nyimbo zake za mwanzo alizirekodi hapahapa Nairobi na watayarishaji wa Ogopa, zikapigwa kwenye matatu za Eastlands hadi kanda zikaisha sauti. Mto wa Waganda ulikuwa ukitembea Jogoo Road, na sisi tukicheza tu.

Na kwenye maporomoko ya Ssezibwa hadithi inageuka. Wagiriki walisema mto humpa mwanamke mtoto. Waganda wanasema mwanamke ndiye aliyeuzaa mto: alijifungua pacha, na hao pacha wakawa maji. Nani sasa amwite nani kwa jina la nani?

Je, wajua kwamba jina Deng, ambalo utalisikia popote Nairobi walipo jamaa zetu wa Sudan Kusini, ni mvua na ni mungu kwa pamoja? Kwa Wadinka, Deng ndiye aliye katika mvua na radi. Mvulana huitwa Deng, msichana Nyandeng. Luol Deng alilibeba jina hilo hadi Chicago kwenye mpira wa vikapu, kisha akasimamia timu ya taifa lake iliyofika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Abuk, ambaye katika simulizi nyingi ni mama wa Deng na mlinzi wa bustani za wanawake, ni jina la wasichana mpaka leo. Garang nalo ni jina la nguvu ya kimungu. Tarehe 9 Januari 2005, uwanja wa Nyayo, John Garang alitia saini mkataba wa amani wa Sudan. Waliojaa jukwaani siku ile walishangilia jina la kale kuliko mipaka yote iliyokuwa ikijadiliwa.

Simulizi ya Wadinka iliyo karibu zaidi na jiwe la Xenokrateia ni ya Aiwel Longar. Mjane asiye na mtoto wa kiume alilia kando ya mto. Nguvu ya mto ikamsikia, ikamwita aingie majini, akatoka na mimba. Mtoto akazaliwa na meno tayari, akawa wa kwanza wa wenye mkuki wa kuvulia, makuhani wao. Watu wanaitwa Ayuel na Longar hadi leo. Wanawake wawili, mmoja Athene na mmoja ukingoni mwa Naili, na wote walikwenda mtoni kwa ajili ya mtoto.

Turudi nyumbani. Kwamba Nairobi ni jina la maji, Enkare Nairobi, maji baridi kwa Kimaasai, hilo unalijua. Je, wajua kwamba maana yake ni hii: kila mtoto wa Pumwani ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Nairobi ameandikiwa mto kwenye karatasi yake ya kwanza? Mto wenyewe unaanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, ukiwa safi. Unapita katikati ya jiji, unafika Gikomba, na kuanzia hapo hadi Dandora ni sisi wakazi wake tunaojua rangi yake. Nimewasikia wazee wa Shauri Moyo wakieleza mahali walipokuwa wakiogelea, wakionyesha kwa kidole. Athene haikufanya vizuri zaidi: Ilissos imefunikwa chini ya barabara, na sehemu kubwa ya Kephisos, mungu aliyelea watoto wa mji mzima, inapita kwenye mtaro wa saruji.

Warui, jina la kiume la Kikuyu, lina rui ndani yake, yaani mto. Mpe heshima yake ukimwona.

Ziwani, mtaa ulio jirani na Kariokor, una ziwa katika jina. Jericho na Jerusalem zimepakana Eastlands, bila Yordani kati yao; watoto wanaoitwa Jordan, hata hivyo, wako wengi. Na Donholm? Mlowezi Mskoti mwenye shamba la ng'ombe wa maziwa alileta jina la kwao, Doonholm, kutoka Ayrshire, ambako unapita mto Doon. Holm kwa Kiskoti ni ardhi tambarare ya kando ya maji. Jogoo Road yenyewe iliitwa Doonholm Road kabla ya jogoo kuwika. Maelfu ya watu wanapanda matatu kila asubuhi kutoka kwenye mto wa Uskoti.

Mara moja tumefanya kinyume, tukaupa ukingo wa mto jina la mtu. Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi karibu na Globe, imeitwa kwa John Michuki, waziri wa mazingira aliyesukuma kusafishwa kwa mto huo na kufariki mwaka 2012. Miti imekua pale. Ninatamani bustani kama ile kila kilomita kutoka Gikomba hadi Njiru, na majina ya kuzipa hatutakosa.

Mwishoni mwa Aprili 2024 mito yetu ilivunja kingo usiku. Mathare watu walipanda juu ya mabati, wengine hawakuwahi. Siku chache baadaye amri ikatoka kwamba waliobaki ndani ya mita 30 za mto wahame, na matingatinga yakaja. Mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa usiku ule hakuna aliyehitaji kujadili jina lake. Ni Okoth au Akoth. Ana miaka michache sasa, amepewa jina na maji yaleyale yaliyobeba kitanda cha mama yake, na siku moja mwalimu ataliita kwenye rejista.

La mwisho, kwa wanaopenda ramani. Maji mengi ya mabomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, ambalo ni upande wa Mto Tana. Tukishayatumia, yanatiririka upande wa Mto Athi. Kwa hiyo mama wa Kayole akimwaga beseni la kufulia, amehamisha maji ya Tana kwenda Athi, na yatashuka Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Lakini mvua inayonyesha Bungoma, kwa babu yake Wafula, huingia Nzoia, huingia ziwa la Mukasa, hutoka Jinja, hupita Juba kwa akina Deng, na huenda hivyo hadi Aswan, mlangoni kwa Khnum.